Mwaka Aliokaa Benchi la Nyuma

Kwenye mazishi ya Mama Kulwa, huko Kisesa, kijana mmoja wa kanisa alisimama karibu na jeneza akasoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti iliyofika hadi kwa waliokaa nje ya turubai. Alisema marehemu alikuwa mwombaji, mfungaji, mlezi wa mabinti, mama wa mapacha, na kwamba aliipenda sana nyumba ya Mungu. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa kati ya mapacha wenyewe, Kulwa na Doto, ambao sasa ni wanawake wenye familia zao, na Doto akaniinamia sikioni akasema, "Mama mdogo, ule mwaka wameuruka." Nikamwambia nimesikia. Nimefanya kazi ya habari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami najua kwamba kinachoachwa nje ya taarifa mara nyingi ndicho habari yenyewe. Waliouandika wasifu ule hawakuwa na nia mbaya. Kwao mwaka ule ni doa: mshirika alitengwa, hakuikaribia Meza ya Bwana, aliketi nyuma na wazinzi na walevi. Walimfichia aibu, kama watu wenye adabu wanavyofanya msibani. Lakini mtu akiniuliza leo ni wapi nilijifunza kuitambua njaa ya haki, ile ambayo Bwana aliwaita heri walio nayo, sitamtajia mahubiri wala semina. Nitamwambia ni katika mwaka ule ulioachwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kupanga minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha samaki mjini Mwanza, na nikapanga chumba katika mtaa wa Pasiansi, nyumbani kwa Mama Kulwa. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vilivyotazamana, na ukumbi mwembamba katikati ambako kila mtu aliegesha ndoo zake. Chumba changu kilikuwa na dirisha la nondo lililoelekea ziwani, ila ziwa lenyewe ulilionea katikati ya mapaa mawili ya mabati, kipande kama kitambaa kilichoanikwa. Mama Kulwa alikaa chumba cha mbele na binti zake. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa, na alipika chakula kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani: wali, maharage, na sato wa kukaanga siku walipopatikana kwa bei ya kueleweka. Sangara hakumpika. Minofu yote ilikwenda uwanja wa ndege, na sisi tulibaki na mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa. Wasichana wenzangu wa kiwandani walipokuja kula walikuwa wakimtania: "Mama Kulwa, leo tupe mnofu, mapanki tumeyaona tangu asubuhi!" Naye akiwajibu, "Mnofu kaulizeni Ulaya. Hapa kwangu kuna maharage na Yesu." Walicheka, wakala, na baada ya muda baadhi yao wakaanza kumfuata kanisani. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Maduka yalijaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisikia tu, mitumba ilimwagwa chini sokoni kama mavuno, na mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Hata wokovu ulikuja na vipaza sauti vipya. Kikundi chetu cha maombi kilikutana katika ghala tupu la shirika moja lililokufa. Sakafuni bado kulikuwa na alama za magunia, na ukipiga magoti muda mrefu, magoti yalitoka na vumbi la pamba. Kiongozi wetu alikuwa Ndugu Festo, aliyekuwa karani wa ghala lile lile kabla hajapunguzwa kazini. Sitaki kumsema vibaya, maana alikuwa mtu mwema, na wengi wetu alitushika mkono tulipokuwa hatuna pa kwenda. Alipenda sana neno njaa. "Nani ana njaa humu ndani?" alikuwa akipaza sauti, nasi tunaitikia, "Mimi!" "Simsikii mwenye njaa!" "Mimi!" Tulifunga siku nzima, mara nyingine tatu kwa mfululizo, na tulilia. Nilikuwa na tabia, ambayo baadaye niliifanya kazi, ya kutazama watu wakati wamefumba macho. Niliwasikia wanachoomba. Yule aliomba pasipoti, yule mume, yule meneja wa zamu ahamishwe. Mwingine aliomba karama ya unabii kwa sababu jirani yake wa benchi alikwisha kuipata. Wote tuliiita njaa ya Mungu, na sidhani kama tulikuwa tunadanganya. Lakini niliona jambo moja ambalo sikuwa na maneno ya kulieleza wakati ule: tukishalia, tulishiba. Tulitoka ghalani tukiwa wepesi, tukataniana njiani, na hakuna kilichokuwa kimebadilika kwa mtu yeyote aliyekuwa nje ya ghala.

Mama Kulwa alikuwa hodari kuliko wote kwa kufunga. Jioni ya kufungua tulikusanyika chumbani kwake, tukakaa mkekani, na yeye akapakua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, aliyoipika na karanga hadi ikawa laini. Jioni moja baada ya mfungo mrefu nilimwona ametupakulia sote kisha akaweka sahani yake chini bila kuigusa. Ndugu Festo alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwemo. Akamwambia kwa furaha, "Mama, wewe Bwana anasema nawe, naona. Chakula hukitaki hata baada ya kufungua."

"Nakitaka, Ndugu Festo. Hakipiti."

"Unasikia nini ukiwa kwenye maombi?"

Aliwatazama binti zake waliokuwa wakigombania karanga. "Namsikia mama mkwe wangu," alisema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni utani wa wakwe. Ndugu Festo hakucheka. Alisema mara moja kwamba hiyo ni roho ya kifamilia, akasimama, akamwekea mikono, na sote tukaacha michembe tukaomba. Mama Kulwa aliinamisha kichwa akaupokea ule uombezi kwa heshima. Ulipokwisha akasema asante. Kisha akaichukua sahani yake akaifunika na nyingine.

Jumapili iliyofuata aliomba kuonana na mchungaji na wazee wa kanisa baada ya ibada. Mimi nilikuwa zamu ya kuosha vikombe vya chai, na sehemu ya kuoshea ilikuwa chini kabisa ya dirisha la ofisi. Sikuondoka. Nilisikia viti vikiburutwa, nikasikia mzee mmoja akiuliza kwa upole shida ni nini, na Mama Kulwa akasema, kwa sauti ile ile ya kuagiza mkaa, "Nimekuja mnitenge."

Mzee yule akakohoa. "Mama, kutengwa hakuombwi. Kutengwa hutolewa. Umefanya nini? Una mimba?"

"Sina, baba."

"Umekunywa pombe?"

"Hapana."

"Sasa tutakutenga kwa lipi?"

Ndipo akasimulia, nami nikabaki na kikombe mkononi. Mumewe alikuwa amekohoa kiangazi kizima kabla ya kufa, huko kijijini kwao nje ya Kisesa. Asubuhi moja mama yake, Bibi Minza, alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, mgonjwa akanywa, na jioni akaanguka. Baada ya mazishi ukoo ulikaa kutafuta aliyemuua, kwa maana siku zile mtu wa umri ule hakufa hivi hivi, lazima kuwe na mkono. Wakamuuliza mjane, siku ile alikula nini? Akajibu, alikunywa maziwa ya mama yake. Hakusema zaidi. Bibi Minza alikuwa mzee na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na sisi tuliokulia pande zile tunajua macho ya namna hiyo yaliwaletea vikongwe nini: kuitwa wachawi na kuuawa. Nyumba yake ilichomwa. Yeye aliponea chupuchupu, akakimbilia Magu kwa watu wasio ndugu.

"Ulisema ukweli, Mama," alisema mzee. "Si alikunywa?"

"Alikunywa. Na mimi nilikunywa. Na watoto walikunywa. Kibuyu kilikuwa kimoja. Hilo sikulisema."

Mchungaji wetu, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, aliuliza kwa mara ya kwanza. "Kwa nini hukulisema?"

"Kama si mama, ningekuwa mimi. Walikuwa wanatafuta mtu."

Wazee wakazungumza kwa pamoja. Walimwambia kwamba hayo yalikuwa kabla hajaokoka, kwamba alikwisha kutubu akabatizwa, kwamba ya kale yamepita na kuyachimba ni kumdharau aliyeyafuta. Walisema maneno mazuri, na yalikuwa ya kweli. Nilipenda ayapokee, kwa sababu nilimpenda na sikutaka aaibike. Aliwasikiliza hadi mwisho. "Nimesamehewa, baba zangu," alisema. "Hilo silitilii shaka, na siombi mara ya pili. Lakini Bibi Minza analala kwenye banda la mbuzi la watu. Mimi nikija kwenye Meza, nanyosha mkono, yeye namwona. Nitengeni mpaka arudi kwake."

Walimtenga. Ilitangazwa Jumapili, bila kutaja sababu, kama desturi ilivyokuwa, na Mama Kulwa akainuka kutoka benchi la pili la akina mama, akachukua kitenge chake na binti zake, akatembea hadi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Pale walikaa kijana aliyempa mimba mwalimu wa kwaya na baba mmoja mwenye wake wawili. Yule baba alisogea kumpa nafasi, akamnong'oneza, "Karibu, Mama. Huku kuna upepo mzuri." Nilimwona Mama Kulwa anajizuia kucheka.

Bombani hakukuwa na upepo mzuri. Kwa kuwa sababu haikutajwa, watu walijitajia wenyewe. "Mjane yule amepata mtu wa ndege za minofu," alisema mmoja akiwa amejishika kiuno. "Ndiyo maana anapika sato, anamsubiri Mzungu wake." Mwingine akauliza ndoo zikijaa, "Mama Kulwa, shemeji yetu yuko lini nyumbani tuje tumsalimie?" Alibeba ndoo yake akaondoka. Nilikasirika kuliko yeye. Nilimwambia chumbani kwamba neno moja tu lingewafunga midomo, awaambie ni kwa sababu ya mkwewe, tena wangemsifu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Ndiyo, wangenisifu," alisema, na akaendelea kuchambua. Hapo nilianza kuona tofauti. Sisi ghalani tuliitangaza njaa yetu kwa kipaza sauti. Yake ilikuwa na jina la mtu na jina la mahali, na kila kitu ambacho kingeweza kumshibisha kwa muda, sifa, machozi, hata maneno ya kweli ya wazee, alikiweka pembeni kama ile sahani ya michembe.

Siku yangu ya mapumziko tulikwenda Magu, yeye na mimi, tukiwa tumekaa kiti cha mbele cha lori la mchele lililokuwa likirudi tupu. Tulimkuta Bibi Minza kwenye boma la watu waliomhifadhi, amekaa kwenye kivuli cha banda, anachambua choroko. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomfikiria. Banda lilikuwa la miti, upande mmoja umezibwa na magunia ya pamba, na humo ndani mlikuwa na ngozi ya kulalia, chungu kimoja na jiwe la kuegemea. Mama Kulwa alipiga magoti mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa, akasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Bibi aliitikia bila kuinua uso. Waliongea lugha yao, ambayo ni yangu pia, nami nitayaandika kama nilivyoyasikia.

"Umekuja kuniona kama nimekufa?"

"Nimekuja kuomba radhi, mayu. Maziwa yale hata mimi nilikunywa."

"Najua. Nilikumiminia mimi mwenyewe."

Mama Kulwa alianza kulia. Bibi Minza alimwacha alie huku akiendelea kutoa vijiwe kwenye choroko. Mwishowe akasema, "Machozi hayo unamlilia nani? Mimi sina haja ya kuambiwa kwamba sikumuua mwanangu. Nalijua hilo kuliko wewe. Wasiolijua wako Kisesa. Nenda ukawaambie walionichomea." Akasimama, akajipangusa kanga, akaingia bandani. Alipotoka alikuwa na kata ya maji, akaninywesha mimi, mgeni nisiyejulikana. Mama Kulwa hakupewa.

Njiani kurudi nilisubiri aseme kwamba amefanya sehemu yake. Ningemwelewa. Alikuwa amekwenda, amepiga magoti, amekiri kwa aliyemkosea, na kwa kipimo cha mafundisho yote niliyokwisha kuyasikia alikuwa huru kurudi benchi la pili. Nimekutana baadaye na watu wengi waliofika hapo wakashiba, na siwalaumu. Yeye alitazama mashamba ya pamba yakipita, yakiwa yamekwisha kuvunwa, akasema tu, "Mvua ikija lile banda halina upande."

Kikao cha ukoo kilifanyika Kisesa kwenye uwanja wa shemeji yake, Masanja, mdogo wa marehemu mumewe na mwana wa Bibi Minza. Alikuwa amenunua mizani baada ya biashara ya pamba kuachwa huru, na watu walianza kumwita tajiri. Mama Kulwa aliniomba nimsindikize, kwa sababu alitaka awepo mtu wa kuwapeleka watoto kwa mchungaji kama yeye asingerudi. Alilisema hilo akiwa anawafunga binti zake viatu, kwa sauti ya chini. Wanaume walikaa kwenye vigoda, wanawake kwenye nyasi, na yeye akasimama katikati akiwa amefunga kitenge kifuani. Hakuhubiri. Niliogopa angehubiri. Alisema, "Mliponiuliza mwenzangu alikula nini, nilijibu nusu. Kibuyu kile tulikunywa wote nyumbani. Mimi, na hawa watoto mnaowaona. Hakuna aliyeumwa tumbo. Mume wangu alikufa kwa kifua chake."

Masanja aliinama mbele kwenye kigoda chake. "Basi kama si yule, ni wewe."

"Nilijua mtasema hivyo. Ndiyo maana siku ile niliogopa."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa, shemeji. Angalia miguu yangu."

Tulitazama, na kweli magoti yake yalikuwa yakicheza chini ya kitenge. Mzee mmoja akaguna. Mwanamke mmoja kwenye nyasi akasema kwa sauti, kana kwamba anaongea na jirani yake, "Mchawi gani anakuja kujileta mchana?" Watu wachache wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomwokoa. Masanja hakucheka. Aliuliza aliyenyamaza anatofautiana nini na aliyewasha moto. Lilikuwa swali la kumkata, ila nilimwona yeye mwenyewe amelisikia, kwa maana yeye ndiye aliyewasha. Mama Kulwa akajibu, "Sijui. Labda hatutofautiani. Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine."

Uamuzi ulichukua muda mrefu, na ulipotoka ulikuwa mgumu. Bibi Minza arudi kwenye kiwanja chake, hakuna atakayemgusa. Lakini hakuna atakayelazimishwa kumkaribia, wala kula kilichotoka kwenye chungu chake. Na kwa kuwa mjane amesema kibuyu kilikuwa safi, basi ahamie kwa mkwewe, aishi naye, ale naye, yeye na watoto, ukoo uone. Masanja ndiye aliyelisema hilo la mwisho, na alilisema kama mtu anayemtega mwenzake kwenye bei. Mama Kulwa akaitika palepale.

Aliuacha mji kabla ya mvua za vuli. Meko alimwachia mwanamke mwingine, chumba cha mbele akakifunga, wafanyakazi wa kiwandani wakatafuta pengine pa kula. Ndugu Festo alihuzunika kwa dhati. Alisema kikundi kimepoteza nguzo, na kwamba adui huwatoa watumishi kwenye huduma kwa kutumia mambo ya ukoo. Nilimjibu kwamba sijui. Lakini ghalani sikuweza tena kupaza sauti vizuri alipouliza nani ana njaa. Nilikuwa nimeona mtu mwenye njaa yenyewe, na alikuwa hatoi sauti. Alikuwa anauza masufuria yake ili apate mabati.

Nilimtembelea kila nilipopata nafasi. Nyumba mpya ilikuwa ya chumba kimoja na ukumbi mdogo, udongo wa kuta bado mbichi, ukiegemea unatoka na rangi yake begani. Humo walilala wanne. Bibi Minza alimsemesha mkwewe kwa maneno ya kazi tu, leta kuni, funga ndama, lakini aliwafundisha mapacha kusuka vikapu na aliwakemea kama wake. Chakula walipika pamoja, wakala kwenye chungu kimoja mlangoni ambapo wapita njia waliwaona. Majirani walisalimia kutoka barabarani. Siku za kusaidiana shamba, Bibi alipopika, watu walikumbuka ghafla kwamba wamekula nyumbani. Nilimuuliza Mama Kulwa kama hachoki. "Nachoka," alisema. "Jana nilimchukia tangu asubuhi mpaka mchana. Ananipita kama hanioni. Halafu nikakumbuka banda." Kwenye kanisa dogo la pale alikaa nyuma vilevile, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Mchungaji wetu alikuja mwenyewe, mvua zikiwa zimekolea. Hakumwita mjini. Alikuja kwa baiskeli kutoka barabara kuu, na yule mzee wa kanisa aliyesema kutengwa hakuombwi, na vyombo vya Meza ndani ya mkoba wa ngozi. Nilikuwa nimetangulia. Majirani walijaa uwanjani kwa kutaka kuona, na Masanja naye akaja, akasimama nyuma yao na mwavuli wake. Mchungaji alitandika kitambaa cheupe juu ya kinu kilichogeuzwa, akasoma, akaomba, akamuuliza Mama Kulwa kama anataka kurudi kundini. Alimtazama mkwewe kwanza. Bibi Minza, ambaye hakuwa Mkristo wala hakuahidi kuwa, alisema, "Mwulizeni yeye, mimi mnanitazama nini?" Kisha Mama Kulwa akapiga magoti kwenye udongo na kunyosha mikono yake mikubwa, na safari ile alifumba macho.

Ilipokwisha, Bibi Minza akasogea akachungulia kwenye sahani. "Wanaume wazima wametoka Mwanza na mvua yote hii," alisema, "kwa kipande hiki?" Mchungaji akacheka, mzee wa kanisa akacheka kwa kuchelewa. Bibi hakuwa anatania. Aligeuka akaingia ndani, nasi tukasikia kuni zikivunjwa. Alisonga ugali mkubwa, akapika mboga ya karanga, akatoa vyote nje, akachukua jagi la maji ya uvuguvugu na beseni na kuanza kunawisha watu. Mchungaji alinawa. Mzee wa kanisa alitazama chungu, akamtazama mchungaji, akanawa. Mimi nikanawa, na watoto. Wanawake wawili wa jirani wakanawa kwa haraka, kana kwamba wanaruka mfereji. Bibi akaendelea mbele na jagi lake, mgongo umeinama, bila kumbembeleza mtu, hadi akafika kwa mwanawe aliyesimama nyuma ya wote. Akasimama hapo. Manyunyu yalikuwa yameanza kugonga mwavuli. Mama Kulwa aliinuka nusu, akakaa tena.

"Maji yanapoa," alisema Bibi Minza.

Masanja alifunga mwavuli wake taratibu, akauegemeza ukutani kwenye udongo mbichi, akakunja mikono ya shati moja baada ya nyingine. Kisha akanyosha viganja vyake mbele ya mama yake, na yeye akamimina.